Shinjuku, Shibuya au Roppongi: usiku wako wa Tokyo uupeleke wapi?

Mgeni wa Tokyo mchana hasumbuki. Kuna mahekalu, bustani, masoko na maduka, na miguu ikichoka pa kupumzikia hapakosekani. Kazi huanza jua likizama. Ana jioni moja au mbili tu, na kila aliyemuuliza amemtajia mtaa wake: huyu Shinjuku, yule Shibuya, mwingine anaapa kwa Roppongi. Akifungua simu, picha zote zinafanana: taa za rangi, umati, maghorofa yenye maandishi yanayowaka kuanzia chini hadi juu.

Nimekaa usiku mrefu katika mitaa yote mitatu, miwili kwa hiari na mmoja kwa kuachwa na treni. Tofauti zake haziko kwenye taa. Ziko kwenye saa utakayoondoka, idadi ya viti katika chumba utakachokaa, na mtu atakayekusimamisha njiani. Ukishajua unataka usiku wa namna gani katika hayo matatu, kuchagua mtaa hakutakusumbua.

Tunapima kwa vigezo gani

Cha kwanza ni treni, na nakiweka mbele kwa makusudi. Tokyo haina treni za usiku kucha. Za mwisho huondoka kati ya saa 6 na saa 7 usiku, kutegemea njia, na za kwanza huanza kati ya saa 10 na nusu na saa 11 alfajiri. Hapo katikati unabaki na teksi au kukesha. Teksi huanza na yeni 500 hivi kwa kilomita moja hivi ya mwanzo, halafu kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri nauli hupanda kwa asilimia 20. Hoteli ikiwa mbali, teksi hiyo inaweza kuzidi bili ya chakula chako chote. Kwa hiyo kabla hujauliza mtaa gani, jiulize kama utarudi na treni ya mwisho au utakesha hadi ya kwanza. Anayeumia ni yule ambaye hakuamua, akajikuta barabarani saa 8 usiku.

Cha pili ni ukubwa wa chumba. Kuna usiku wa kukaa watu sita kwenye kaunta moja, magoti yanagusana, na kuna usiku wa ukumbi wa mamia ambapo hakuna anayekuuliza jina. Yote ni starehe, lakini si starehe ya mtu yule yule.

Cha tatu ni mfuko, hasa gharama ambazo hazijaandikwa kwa herufi kubwa. Katika baa nyingi za kula na kunywa, zinazoitwa izakaya, ukikaa tu utaletewa kibakuli kidogo cha kitu ambacho hukuagiza. Kinaitwa otoshi, na kwa kawaida ni yeni 300 hadi 500 kwa kichwa. Wageni wengi hudhani wameibiwa. Hawajaibiwa: hiyo ndiyo ada ya kiti, na Wajapani wenyewe wanailipa. Afueni iko upande wa pili, kwa kuwa Japani hakuna bakshishi. Ukiacha sarafu mezani, mhudumu atakukimbilia mlangoni akurudishie.

Cha nne ni chakula, nikimkumbuka pia asiyekunywa pombe na asiyekula nguruwe. Cha tano ni tahadhari.

Mengine ni ya mitaa yote. Umri wa kunywa pombe ni miaka 20. Pasipoti tembea nayo, maana sheria inamtaka mtalii awe nayo mwilini, na kwenye milango ya klabu wataiomba. Baa ndogo nyingi hupokea fedha taslimu tu, lakini mashine za kutolea fedha katika maduka ya 7-Eleven zinakubali kadi za nje. Usishtuke ukiona baa imeandika kwamba inafunga 25:00. Wajapani huendelea kuhesabu saa za siku ile ile hata baada ya usiku wa manane, hivyo 25:00 ni saa 7 usiku, na 29:00 ni saa 11 alfajiri.

SHINJUKU

*Kufika na kuondoka.* Hii ndiyo stesheni yenye abiria wengi kuliko zote duniani. Kwa siku wanapita watu kama milioni 3, na milango ya kutokea imezidi 200. Ukikosea mlango, nusu saa yako imekwenda. Kabukicho, ambako ndiko kitovu cha starehe, iko upande wa Mlango wa Mashariki. Ukitokea Magharibi unakutana na maghorofa ya ofisi yaliyokwisha kuzima taa. Ukipanga kuonana na mtu, usimwambie “tukutane stesheni”. Taja mlango kwa jina. Ila ukishaizoea, stesheni hii inakulipa: njia za treni zinazokutana hapo ni nyingi kiasi kwamba hoteli karibu yoyote ya mjini ina treni ya moja kwa moja au ya kubadilisha mara moja tu.

*Usiku wenyewe.* Jina Kabukicho limetokana na jumba la maonyesho ya kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, lililopangwa kujengwa hapo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati eneo lilikuwa limeteketea. Jumba halikujengwa kamwe. Jina lilibaki tangu 1948, na starehe za kila aina zikajaza nafasi. Leo unaingia chini ya lango jekundu la taa, unamwona Godzilla, lile dubwana la sinema, akichungulia juu ya jengo la sinema lililofunguliwa 2015, na nyuma yake mnara wa Tokyu Kabukicho wa ghorofa 48, uliofunguliwa 2023, wenye sinema, kumbi na hoteli ndani yake.

Lakini kinachonirudisha Shinjuku kiko hatua chache kutoka kwenye kelele hizo. Golden Gai ni vichochoro sita vyembamba vyenye vibaa zaidi ya 200 katika vibanda vya mbao vya ghorofa mbili, vilivyoponea maghorofa yaliyovizunguka. Ngazi ya kupandia juu imesimama wima kama ya kuchumia nazi. Nakumbuka kimoja chenye viti saba: mtu wa kiti cha mwisho akitaka kwenda msalani, sisi sita tulisimama kwa pamoja, tukabana tumbo ukutani, akapita, tukakaa. Baada ya kusimama mara tatu namna hiyo hakuna mgeni tena mle ndani. Mama mwenye baa alikuwa amening'iniza kikombe cha kila mteja wake wa siku zote, na ukutani mabango ya sinema za zamani yamegeuka rangi ya chai kwa moshi wa miaka mingi. Vibaa vingine ni vya wateja wazoefu tu, na utakataliwa kwa upole. Usichukie. Vinavyokaribisha wageni huweka bei mlangoni.

Anayependa jazi ana ukumbi wa Pit Inn, unaopigisha muziki tangu miaka ya 1960. Asiyetaka baa kabisa apande jengo la serikali ya jiji upande wa magharibi: chumba cha kutazamia mji kiko ghorofa ya 45, mita 202 juu, na kiingilio ni bure. Tangu 2024 ukuta wa jengo hilo huonyeshwa michoro ya mwanga usiku, nayo ni bure.

*Kula na kunywa.* Pembeni ya reli, upande wa magharibi, kuna Omoide Yokocho, kichochoro cha mishikaki ambacho mizizi yake ni soko la magendo la baada ya vita. Unakaa kwenye kaunta, mkaa uko mbele ya uso wako, na shati litanukia moshi hadi kesho. Muislamu ajue kwamba utumbo na nyama ya nguruwe ni chakula cha kila siku hapo, na hata mchuzi wa mishikaki ya kuku huwekwa pombe ya mchele. Dawa yake iko kituo kimoja mbele kwa treni ya Yamanote, ile inayozunguka katikati ya jiji, Shin-Okubo, ambako kuna mtaa mzima wa maduka na mikahawa ya halali. Msikiti mkubwa wa Tokyo, Tokyo Camii, nao uko karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, mwendo mfupi kwa treni ya Odakyu kutoka Shinjuku.

*Mfuko.* Unaweza kula kwa bei ya chini kabisa hapa, bakuli la tambi kwa kununua tiketi kwenye mashine, na unaweza kuteketeza mshahara. Golden Gai, ada ya kiti kwa kawaida ni kati ya yeni 500 na 1,500 kabla hujaagiza chochote. Ukihama baa nne kwa usiku mmoja, unalipia viti vinne.

*Tahadhari.* Hapa sitamung'unya maneno. Kabukicho ina wapiga debe. Watakuuliza unatafuta nini, watakuahidi saa nzima ya kinywaji kwa bei ya soda, watatembea nawe hatua hamsini. Ukiwafuata, bili huja na tarakimu ambazo hukuziona kwenye menyu, na mlango huwa umeshasimamiwa. Kupiga debe namna hiyo kumekatazwa na sheria za wilaya, na vipaza sauti vya barabarani hurudia onyo hilo usiku kucha, kwa Kiingereza pia. Baadhi ya wapiga debe ni Waafrika wenzetu, na kwa msomaji wa makala hii hilo ndilo la kuangalia zaidi, kwa sababu ukiitwa “ndugu yangu” ugenini moyo unalegea. Msalimie kwa heshima, kama unavyomsalimia mtu wa kwenu, kisha endelea na safari yako. Baa nzuri haimtumi mtu kukushika mkono.

*Unamfaa nani.* Mtu mmoja au wawili wanaopenda mazungumzo. Mpenda vichochoro na historia. Anayekesha, kwa kuwa hapa saa 9 usiku bado kuna chakula cha moto. Kundi la watu wanane litapata tabu: Golden Gai halina pa kuliweka.

SHIBUYA

*Kufika na kuondoka.* Kutoka Shinjuku ni dakika saba kwa Yamanote. Tafuta mlango wa Hachiko, na ukiuona umefika. Stesheni imekuwa ikijengwa upya kwa miaka mingi, hivyo njia uliyoipita mwaka juzi huenda leo ina ukuta. Fuata vibao, usiifuate kumbukumbu. Jina la mtaa lina neno la bonde ndani yake, na bonde utaliona: treni ya chini ya ardhi ya njia ya Ginza, ikifika Shibuya, inatokea angani na kusimama ghorofa ya tatu, kwa kuwa ardhi imeshuka chini yake.

*Usiku wenyewe.* Kivuko cha Shibuya wengi wamekiona kwenye simu, na bado kukisimamia ni jambo jingine. Taa huwa nyekundu kwa magari ya pande zote kwa pamoja. Kuna sekunde moja ya utulivu, injini zimepumua, halafu zinaanza nyayo. Inakadiriwa hadi watu 3,000 huvuka kwa zamu moja penye umati mkubwa, kutoka kila pembe, na hawagongani. Simama kwanza ukingoni utazame zamu mbili, kisha vuka bila simu mkononi. Ukitaka kukiona kutoka juu bila kulipa, ingia kwenye ukumbi unaounganisha stesheni ya JR, shirika kuu la reli, na njia ya treni ya Inokashira. Dirishani unakiona kivuko chote, na ukutani umewekwa mchoro mkubwa wa msanii Taro Okamoto, wa mita 30, unaohusu mlipuko wa bomu la atomiki. Umati unaupita kila siku bila kuinua kichwa. Wewe simama.

Mbwa Hachiko, ambaye sanamu yake ndiyo mahali pa kukutania, aliendelea kumngoja bwana wake stesheni hapo baada ya bwana huyo kufariki 1925, hadi naye alipokufa 1935. Sanamu ya kwanza iliyeyushwa wakati wa vita. Iliyopo ni ya 1948.

Kwa juu kabisa kuna Shibuya Sky, paa la wazi la jengo la mita 229 hivi, lililofunguliwa 2019. Ni la kulipia, na tiketi za saa ya machweo huisha mapema, kwa hiyo nunua kabla hujasafiri. Baada ya hapo usiku wa Shibuya ni wa muziki. Klabu na kumbi za bendi zimejazana kwenye mlima wa Dogenzaka na nyuma yake. Hadi 2016 sheria ilikuwa inakataza kucheza dansi klabuni baada ya usiku wa manane. Iliporekebishwa, Shibuya ikaanza kukesha kihalali.

*Kula na kunywa.* Vyumba ni vikubwa kuliko vya Shinjuku, menyu nyingi zina picha, na vijana ni wengi. Karibu na reli kuna Nonbei Yokocho, kichochoro chenye vibaa kama 40, kwa anayetaka kuionja ladha ya Golden Gai bila kwenda huko. Asiyekunywa pombe atajisikia nyumbani hapa zaidi ya mitaa mingine: kuna mikahawa ya kahawa inayofunga usiku sana, karaoke, michezo ya video, maduka ya muziki. Unaweza kuumaliza usiku mzima bila glasi na hakuna atakayekushangaa.

*Mfuko.* Wa kati. Kiingilio cha klabu kwa kawaida ni yeni 2,000 hadi 4,000, mara nyingi na kinywaji kimoja ndani yake. Klabu haiudhi mfuko kwa kushtukiza, kwa sababu bei imeandikwa mlangoni.

*Tahadhari.* Tangu Oktoba 2024 kunywa pombe barabarani na kwenye bustani za eneo la stesheni kumekatazwa mwaka mzima, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 11 alfajiri. Bia uliyoinunua dukani ipeleke hotelini. Usiku wa Halloween wilaya yenyewe imewahi kuwaomba watu wasije, na ombi hilo lilitokana na msongamano wa hatari, kwa hiyo liheshimu. Wapiga debe wapo hapa vilevile, ila si wa kung'ang'ania kama wa Kabukicho.

*Unamfaa nani.* Mgeni wa mara ya kwanza, kundi la marafiki, mpenda dansi, na mtu mwenye saa tatu tu kabla ya kulala. Anayetafuta mazungumzo marefu na mwenyeji atachoka, kwa maana kila mtu hapa yuko njiani.

ROPPONGI

*Kufika na kuondoka.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Hauko kwenye mzunguko wa Yamanote. Unafikiwa na njia mbili za chini ya ardhi, Hibiya na Oedo, na jukwaa la Oedo liko mita 42 chini, lenye kina kuliko yote ya treni za chini ya ardhi za Tokyo. Dakika za kupanda ngazi za umeme zihesabu kwenye safari, hasa ukiwahi treni ya mwisho. Kutoka Shinjuku ni kama dakika kumi kwa Oedo. Kutoka Shibuya kuna basi la moja kwa moja, au teksi fupi.

*Usiku wenyewe.* Ukitokea kwenye njia panda ya Roppongi hutasema pazuri. Barabara kuu ya juu inapita kichwani, zege na kelele. Baada ya vita wanajeshi wa Marekani walikaa eneo hili, balozi zikaja, na mtaa ukazoea wageni kabla ya mingine yote. Hadi leo Kiingereza kinakutosha kuagiza, kugombana na kupatana. Klabu zina watu wa kila taifa.

Kuna Roppongi ya pili ambayo wengi huikosa. Mnara wa Mori wa Roppongi Hills, uliofunguliwa 2003, una makumbusho ya sanaa ghorofa ya 53 ambayo kwa kawaida hufungwa saa 4 usiku, isipokuwa Jumanne inapofungwa saa 11 jioni. Kutazama sanaa saa 3 usiku, kisha kushuka na kuona mji wote unawaka kwenye kioo, ni starehe ambayo Shinjuku na Shibuya hazinayo. Chini uwanjani amesimama buibui mkubwa wa chuma wa mchongaji Louise Bourgeois, na ukiteremka barabara ya Keyakizaka, mbele yako unatokea Mnara wa Tokyo, mita 333, mwekundu katikati ya taa. Tokyo Midtown na Kituo cha Taifa cha Sanaa, vyote vya 2007, viko umbali wa kutembea. Nilimpeleka huko mzee mmoja asiyekunywa wala kucheza, mtu aliyekuja Tokyo kwa mkutano. Alikaa mbele ya kioo cha ghorofa ya juu karibu saa nzima, akihesabu treni.

*Kula na kunywa.* Mikahawa ya mataifa mengi, na ni rahisi kumweleza mhudumu usichokula. Menyu ya Kiingereza ni jambo la kawaida.

*Mfuko.* Ghali kuliko mingine miwili, kwa kinywaji na kwa chakula cha kukaa.

*Tahadhari.* Sawa na Kabukicho, pengine zaidi usiku ukishakuwa mkubwa. Ubalozi wa Marekani umewahi kuwaonya raia wake kuhusu vinywaji vinavyotiwa dawa Roppongi na Kabukicho: mtu anazinduka, kadi yake imeshakatwa fedha nyingi. Usiache glasi yako na kurudi kuinywa. Beba kadi moja tu. Ukibanwa, kituo kidogo cha polisi, kiitwacho koban, kiko kwenye njia panda yenyewe, na simu ya polisi nchini kote ni 110. Gari la wagonjwa ni 119.

*Unamfaa nani.* Mpenda sanaa, wanandoa, mtu wa mikutano anayetaka chakula kizuri na mandhari, na mgeni ambaye lugha inamtia hofu. Kwa klabu, anayetaka kuchanganyika na watu wa mataifa. Mwenye bajeti ndogo hatafurahi.

Kama yote mitatu imekuzidi kelele

Asakusa nao ni mtaa wa starehe, na ni mkubwa wao kwa umri. Jumba la kwanza la sinema la Japani lilifunguliwa huko 1903, na bustani ya michezo ya Hanayashiki ipo tangu 1853. Usiku maduka yamefungwa, umati umeondoka, na hekalu la Sensoji limewashwa taa nyekundu unalizunguka kwa amani. Kuna mtaa mdogo wa baa zenye meza za nje kwa anayetaka. Unalala mapema. Kwa wengine hilo ndilo wanalolitafuta.

Uende wapi, kwa hali yako

Una jioni moja tu na hujawahi kufika: anza Shibuya saa 11 jioni, uone kivuko na machweo, ule hapo, kisha dakika saba za treni zikupeleke Shinjuku kwa baa moja ya Golden Gai. Toka saa 5 na nusu usiku uwahi treni bila kukimbia. Roppongi iache kwa safari nyingine.

Una watoto: Shibuya hadi saa 2 usiku, au jengo la serikali ya jiji kule Shinjuku Magharibi, ambako hamna haja ya kuvuka Kabukicho. Kabukicho mchana haina shida. Usiku mabango yake si ya kumweleza mtoto.

Uko peke yako, mwanamke au mwanamume: Golden Gai, baa yenye bei mlangoni, kiti cha karibu na mwenye baa. Ni salama kuliko klabu kubwa kwa sababu kila mtu anakuona.

Mko kundi: Shibuya. Wekeni meza mapema kwa siku ya Ijumaa na Jumamosi.

Hunywi, na chakula chako ni cha halali: kula Shin-Okubo, kisha upande makumbusho ya Roppongi au utembee Shibuya.

Umechoka na kesho una ndege: Asakusa, au karibu na hoteli yako. Hoteli ikiwa Shinjuku, usitoke Shinjuku.

Na ikiwa treni ya mwisho imekwisha kukuacha, kama ilivyoniacha mimi nikiona pazia la chuma la stesheni likishushwa mbele yangu, usianze kutafuta baa mpya saa 7 usiku. Huo ndio muda ambao wapiga debe wanakungoja. Ingia kwenye karaoke, uliza bei ya kukaa hadi alfajiri, watakupa chumba kidogo chenye kochi, simu ya kuagizia na vinywaji. Vua viatu, weka saa iamshe saa 10 na nusu. Ukitoka, mtaa utakuwa wa kijivu, kunguru wakubwa wa Tokyo wako juu ya mifuko ya taka, na Yamanote ya kwanza ina viti tele.